Redio Yangu Mpya na Haki ya Kusikilizwa

Leo nimeaibika. Si ile aibu ya kujikwaa mbele za watu ukajifanya ulikuwa unakimbia. Hii ni aibu ya kuhama wilaya. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani hapa Ganako, simu nimeiondoa sauti, na mlango ukigongwa nauliza kwanza ni nani na amesikia nini.

Nawasimulia mwenyewe, maana najua mkisubiri kusimuliwa na wengine wataongeza chumvi. (Ingawa sioni pa kuongeza.)

Kwa wasionijua, naitwa Bura, naendesha watalii. Msimu ukiwa mzuri nashuka kreta ya Ngorongoro karibu kila siku. Na kwa muda wote huo nimekuwa na donda moja rohoni. Donda hilo lina jina. Linaitwa Aminieli.

Aminieli ni dereva mwenzangu. Alikuja Karatu kutoka Kilimanjaro na begi moja la mgongoni, leo ana gari lenye friji, ana kofia ya ngozi, na ana meno. Jamani, yale meno! Akicheka unayaona mpaka ya nyuma kabisa, meupe yote, utafikiri hajawahi kunywa maji ya huku kwetu yanayogeuza meno kuwa kahawia. Wageni wanampenda. Faru akitoka msituni, wa kwanza kumwona ni Aminieli. Simba akizaa, mimi naambiwa na Aminieli. Sitawadanganya, nina wivu naye, na wivu wenyewe umekomaa. Siku hizi hata akinisalimia naona ananitambia.

Hayo yote ningeyameza. Lililonikwama kooni ni Paskalina.

Paskalina yuko mapokezi kwenye loji moja hapa Karatu. Ana sauti ya taratibu na ana subira na watu. Nimempenda tangu msimu wa juzi, ila sijawahi kumwambia. (Nilikuwa natafuta siku nzuri. Msimu mzima wa mvua nilikuwa natafuta siku nzuri.) Sasa Aminieli naye akawa haishi kupita pale mapokezi. Leo kaleta parachichi, kesho kaja kuuliza kama mvua itanyesha. Mtu ana simu ya kisasa, hali ya hewa anauliza mapokezi!

Sasa niwaeleze kuhusu redio, maana ndiyo iliyonimaliza. Sisi madereva tuna redio za mawasiliano ndani ya magari. Unashika maiki, unabonyeza kitufe ukiongea, unaachia ukisikiliza. Wote tuko laini moja: madereva, loji, hata duka la mjini linalouza redio zenyewe. Mnara wake uko juu ukingoni, kwa hiyo ukiongea chini kreta, Karatu wanakusikia. Redio yangu ya zamani ilikuwa inakoroma tu. Ya Aminieli inatoa sauti safi, na Paskalina aliwahi kuisifia nikiwa nimesimama palepale.

Basi vitunguu vya shamba letu la Baray vilipopata bei nzuri, nikamwomba mama mabati yake yasubiri kidogo. Nikanunua redio. Kubwa, nyeusi, ina vitaa, ghali kuliko ya Aminieli! (Niliuliza kwanza yake ni ipi, ndipo nikasema nipe inayoizidi.) Mwenye duka, Festo, akanipa risiti na waranti ya mwaka mzima, akaniambia, "Soma masharti, kaka." Nikamwambia nitasoma. Nani kati yenu amewahi kusoma?

Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kushuka kreta.

Wageni wangu walikuwa Mzee Mhoja na mkewe, kutoka Shinyanga, watoto wao wamewalipia matembezi. Mzee haongei. Mama Mhoja anaongea kwa niaba ya wote wawili, na bado anabakiza. Anauza vitenge kwa jumla, na tangu tunatoka loji alikuwa ameshaniuliza kabila langu, kanisa langu na idadi ya ng'ombe wa baba.

Tulipofika barabarani Paskalina akaita kutoka mapokezi: "Bura, Bura, unanipata?"

"Nakupata, Paskalina. Nakupata vizuri sana."

"Leo unasikika kama uko humu ndani."

Jamani! Nikaendesha mpaka geti la hifadhi natabasamu peke yangu, askari akaniuliza kama nimeokota kitu.

Juu ukingoni palikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Tukasimama pale watu wanapopigia picha. Nani akaja kuegesha pembeni yangu? Meno. Akachungulia dirishani kwangu.

"Kaka, redio mpya! Hongera bwana!" Akanyoosha mkono, akaishika maiki yangu, akaipimapima kiganjani. "Hii kitu ni yenyewe."

Akaenda zake kwa wageni wake. Mimi nikaiangalia maiki. Ilikuwa na alama ya vidole vyake. Vidole vya Aminieli, kwenye kitu changu kipya!

Sasa nyie mnajua desturi yetu. Kitu kipya hakivuliwi nailoni. Kiti cha gari kinakaa na nailoni mpaka ichanike yenyewe, rimoti ya tivii inavalishwa nailoni na kufungwa kama mtoto wakati wa baridi. Nikajiuliza, mimi nilipataje ujasiri wa kuivua? Nikaitoa ile nailoni kwenye boksi, nikaivalisha maiki, na juu yake nikazungusha mpira wa tyubu ya baiskeli ili vumbi la kreta lisipenye. Nikaukaza. Halafu nikamkumbuka Aminieli, nikaukaza tena.

Kitaa chekundu kikawaka kwenye redio. Nikakipenda. Nikasema, angalia kitu kinavyong'aa.

Tukaanza kushuka.

Kule chini ndipo nilipogundua kuwa redio imekuwa kimya. Kimya kabisa! Asubuhi ya msimu huwa kelele tupu, huyu anaita simba, yule anaita tembo. Nikashika maiki: "Wenzangu, mnanipata?" Kimya. "Kuna mtu ananipata?" Hakuna hata mkwaruzo.

Mama Mhoja akaniuliza kutoka nyuma, "Mwanangu, hiyo redio yako mbona haisemi?"

"Inapumzika, mama."

"Kitu kipya kinapumzika nini saa hizi? Hata kazi hakijafanya."

Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaipigapiga mgongoni. Kimya. Moyo ukaanza kuniuma. Vitunguu vyote vile! Mabati ya mama! Na cha kuumiza zaidi, kwa wakati ule Aminieli alikuwa anasikia kila kitu.

Mama Mhoja ni mtu wa kuona. Akaona nimenuna, akaanza kunidadisi. "Una mke?"

"Bado, mama."

"Mchumba?"

"Yupo ninayempenda. Ila hajui."

Mzee Mhoja akafungua macho kwa mara ya kwanza. Mama akasogea mbele mpaka nikasikia pumzi yake sikioni. "Hebu eleza."

Nami nikaeleza. Sijui ni ule uchungu wa redio au ni vile mtu usiyemjua ni rahisi kumwambia. Nilimwaga yote. Nilisema Paskalina nampenda mpaka chai yake ya tangawizi, ambayo inanichoma koo, nakunywa kikombe cha pili na kuomba cha tatu ili nikae pale mapokezi. Nilisema Aminieli anajifanya mwema. Nilisema yale meno hayawezi kuwa yake yote, lazima mengine kaazima. Nilisema nilimwombea pancha kanisani, Jumapili, wakati wenzangu wanaombea mvua.

"Ikatokea?" akauliza Mama Mhoja.

"Ilitokea kwangu."

Mzee Mhoja akacheka mpaka akakohoa.

Gari moja likapita upande wa pili. Dereva wake, kijana ninayemfahamu, akaniwashia taa, akatoa kichwa, akaziba mdomo wake kwa kiganja huku macho yamemtoka. Nikajua anashangaa redio yangu, maana anteni yake ni ndefu. Nikampungia kwa madaha. Likapita jingine, dereva anajigusa sikio na kunionyesha kidole. Nikasema, hata hawa leo wamekubali! Askari wa hifadhi naye akaninyooshea mikono yote miwili. Nikampigia honi ya heshima.

Simu ikaita. Aminieli. Nikakata.

Ikaita tena. Nikakata tena. "Huyo ndiye yeye," nikamwambia Mama Mhoja. "Amemwona faru huko, anataka kunitambia. Simpi nafasi hiyo."

Akapiga mara ya tatu, nikakata. Akatuma meseji. Sikuifungua, nilijua ni picha ya faru.

Mama Mhoja akasema, "Huyo achana naye. Tatizo lako ni mdomo. Hebu jifunze na mimi. Mimi ndiye Paskalina, nimekaa hapa mapokezi. Sema."

"Mama, naona haya."

"Haya ya nini, tuko porini! Anayekusikia nani? Hawa nyumbu?"

Nikazima injini. Nyumbu walikuwa wengi, wanakula majani, hawana habari na mtu. Nikavua kofia. Nikasema kwa sauti ya kutoka tumboni, maana Mama Mhoja alinisahihisha mara ya kwanza kuwa nasema kama naomba ruhusa ya kwenda chooni: "Paskalina. Mimi si tajiri. Nina gari la mjomba, shamba la vitunguu na mama ambaye atakupenda. Nikikuona, siku yangu inakuwa nzuri hata nisipoona simba. Naomba uwe mke wangu."

"Nimekubali," akasema Mama Mhoja.

"Asante, mama."

"Rudia, na safari hii usitazame usukani."

Nikarudia. (Ndiyo, nilirudia. Mara ya pili niliongeza kipande cha Kiiraqw, lugha ya kwetu.)

Baada ya hapo nikajisikia mwanaume. Na mwanaume aliyejisikia akiwa na kitu kibovu mkononi hanyamazi. Mama Mhoja ndiye aliyenipandisha mori zaidi. "Sasa mpigie huyo aliyekuuzia. Mimi nauza vitenge, mteja akirudisha kilichotoa rangi, narudisha hela yake. Umelipa kwa jasho! Mlaji ana haki zake, nilifundishwa semina."

"Haki zipi, mama?"

"Nyingi. Haki ya kupewa kitu kizima. Haki ya kurekebishiwa, wakishindwa wabadilishe, wakishindwa warudishe hela. Na haki ya kusikilizwa! Hiyo usiisahau."

Nikasogea pale penye mtandao mzuri, nikampigia Festo. Nikaweka spika ili Mama Mhoja anisaidie.

"Festo! Redio uliyoniuzia ni mbovu!"

"Kaka Bura," Festo akasema, "hapa dukani nakusikia mara mbili."

"Usinibadilishie mada! Hata wiki haijaisha, imekufa! Haipokei wala haitoi!"

"Inatoa, kaka. Nakuambia hapa dukani..."

"Haitoi! Wewe uko Karatu, mimi niko kreta, nani anajua zaidi? Nina risiti, nina waranti, mimi ni mlaji! Nina haki ya kusikilizwa!"

"Unasikilizwa, kaka. Kuna wateja wangu hapa, wote wanakusikiliza. Tafadhali angalia kwenye maiki..."

"Mwizi wewe!" (Hapo Mama Mhoja alinipa ishara ya kushusha sauti, sikushusha.) "Umeniuzia boksi tupu lenye kitaa! Nakuja hapo leo, na nakuja na shahidi!"

Nikakata simu. Mama Mhoja akanipongeza begani. Mzee Mhoja akasema neno lake la kwanza la siku: "Njaa."

Tukaenda kula pale bwawani kwenye viboko, ambapo magari yote hukutana mchana. Yalikuwa mengi. Madereva walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha gari la Aminieli, na nilipoingia wote wakanyamaza. Nikaegesha kwa mbwembwe, anteni ikiyumba.

Nikashuka. Mmoja akasimama, akainua kikombe chake juu. "Jamani, nani ana chai ya tangawizi? Inanichoma koo lakini naomba cha tatu!"

Nikasema moyoni, mbona ajabu.

Wa pili akapiga goti kwenye nyasi, kofia kifuani. "Paskalina! Mimi si tajiri! Nina gari la mjomba!"

Wa tatu akaitikia kwa sauti ya kike, "Rudia, na usitazame usukani!"

Nikamgeukia Mama Mhoja, naye kanigeukia mimi. Aminieli akainuka taratibu, akaja hadi kwenye gari langu, akafungua mlango, akachukua wembe mfukoni na kuukata ule mpira wa tyubu. Puu! Kitaa chekundu kikazima.

Na redio ikalipuka. Sauti zote za dunia zilikuwa humo. Vicheko kutoka loji, vicheko kutoka getini, mtu anasema "jamani mwacheni", mwingine anauliza kama maombi ya pancha anayafanya kanisa gani.

"Kaka," Aminieli akasema kwa upole, "mpira ulikuwa umebonyeza kitufe. Tangu unashuka uko hewani. Kitufe kikibanwa hivyo unaongea tu, husikii mtu. Nilikupigia mara tatu."

Niliona yale meno yote, la kwanza mpaka la mwisho. Ninavyomwonea wivu, hata kunihurumia kwake kulikuwa kuzuri kuliko ambavyo kungekuwa kwangu.

Na haikuishia hapo. Kwa sababu nilikuwa nimeikalia laini, hakuna aliyeweza kumwita mwenzake. Faru alitoka na mtoto wake, akavuka barabara taratibu, akarudi msituni. Kaonwa na gari moja tu. Madereva wote waliobaki walikuwa na wageni waliotoka ng'ambo kumtafuta huyo faru, na badala yake wakasikilizishwa mimi. Kuna mgeni, wakaniambia, aliuliza ile ni tamthilia ya redio ya saa ngapi.

Chakula hakikupita. Mzee Mhoja alikula cha kwangu.

Wengine mngeenda nyumbani moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimeahidi kwenda dukani, tena hewani, na Mama Mhoja hakukubali turudi nyuma. "Tulisema tunakwenda na shahidi, twende. Labda kitufe chenyewe ni laini mno. Hiyo nayo ni kasoro." Nikaona kuna ka-tumaini. Tukapanda kreta, tukashuka hadi Karatu mjini, tukaingia kwa Festo. Duka lilijaa. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinunua betri kwa wakati mmoja.

Festo akaiweka maiki mezani na nailoni yake. "Hii nani kaivalisha?"

"Mimi."

"Na mpira?"

"Mimi."

Akabonyeza kitufe, akaachia. Akabonyeza, akaachia. Kilikuwa kinarudi vizuri kama kitoto cha mbuzi kinavyoruka. Akatoa karatasi ya masharti akanisomea: waranti ni ya kasoro za kiwandani. "Sasa kaka, kiwanda hakikufunga tyubu ya baiskeli."

Mama Mhoja akakohoa. "Na kama ingekuwa mbovu kweli?"

"Ningeirekebisha, mama. Ikishindikana nabadilisha au narudisha hela yake yote, hiyo ni haki yake na wala nisingebishana."

Mama Mhoja akaichukua maiki, akaigeuza huku na huku, akaninong'oneza kwa sauti ambayo duka zima lilisikia: "Mwanangu, hapa hatuna kesi."

"Lakini mimi ninayo," Festo akasema. Hakuwa anacheka. "Umeniita mwizi, na mama yangu alikuwa ameketi hapo kwenye kile kiti anasikiliza. Mlaji ana haki, na muuzaji naye ana mama. Ulinitukana hewani, uniombe radhi hewani."

Nikamtazama yule mama. Alikuwa mzee, kitenge magotini, ananiangalia bila kupepesa. Hapo niliona haya ya kweli, si ile ya kuchekwa. Nikaichukua maiki ya duka. Nikabonyeza kitufe mwenyewe, kwa kidole changu.

"Wote mnaonisikia. Ni Bura. Redio ni nzima. Festo si mwizi. Namwomba radhi yeye na mama yake. Na Aminieli, naomba radhi kwa habari ya meno."

Nikaachia. Sauti zikaingia za kupongeza, halafu ikaja moja ya taratibu iliyonyamazisha zote.

"Bura, Bura, mapokezi hapa."

Duka zima likaacha kununua betri.

"Nakupata, Paskalina."

"Ukimaliza huko, walete wageni. Na wewe ushuke kidogo. Nataka kuongea na wewe."

"Ooooh!" laini nzima ikaitikia. Mama Mhoja akanikamata mkono, akasema kwetu Shinyanga hiyo ni ndiyo. Jamani, na mimi niliamini! Kutoka mjini hadi loji sikugusa shimo hata moja. Nilijiambia kumbe Mungu ana njia zake, amenivua nguo mbele ya wilaya nzima ili anivalishe suti. Nilijitazama kwenye kioo cha gari, nikalamba vidole nikajilaza nyusi.

Gari la Aminieli lilikuwa limeegeshwa pale nje. Nikasema labda amekuja kuaga.

Paskalina alitoka nyuma ya meza, akanipeleka kwenye kibaraza. Alikuwa ameandaa kikombe. Nikaonja. Ilikuwa chai tupu, haina tangawizi.

"Ungeniambia tu, Bura," akasema. "Ningekutengenezea ya kwako siku zote."

"Sikutaka kukusumbua."

"Maneno yako niliyasikia yote. Hata kile kipande cha Kiiraqw. Sikufichi, yalinigusa. Hakuna mtu aliyewahi kunisema vizuri hivyo, sembuse mbele ya nyumbu."

"Basi..."

"Basi nakuambia mwenyewe, usije ukaambiwa njiani. Wazee wa Aminieli walikuja nyumbani kwetu Rhotia mwezi uliopita. Walileta posa, baba ameipokea."

Kikombe kilikuwa cha moto, nikakishika hivyohivyo.

"Mbona sikujua?" nikasema hatimaye.

"Wenzako wote walikuja kunywa soda. Tulikutafuta wewe. Aminieli alikupigia simu, hukupokea."

Nilikumbuka. Nilikata. Nilikuwa nimekaa kwa kinyozi, jina lake likatokea, nikajua ni faru.

Imeniuma, jamani, hilo sifichi. Iliniuma kuliko duka, kuliko bwawa la viboko. Muda wote ule nimekaa nachunga wivu wangu, nikiuongezea malisho, na mwenyewe alikuwa anapiga simu anikaribishe. Na hata pale kibarazani, nikiwa nimeshindwa tayari, bado niliweza kuona kuwa Aminieli amekuja na shati jipya, na lilimkaa vizuri.

Maana alitokea. Alikuja taratibu akasimama pembeni ya mchumba wake, akashika kofia yake mkononi kama mtu aliye msibani.

"Kaka, pole."

"Asante."

"Sina kinyongo. Ile ya pancha nitawasimulia wanangu." Akamtazama Paskalina, Paskalina akamkubalia kwa kichwa. "Kuna jambo tunakuomba. Madereva tumeunda kamati ya harusi, wamekaa pale bwawani baada ya wewe kuondoka. Wamepitisha kwa sauti moja kwamba MC uwe wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Wanasema umeongea asubuhi nzima bila kupumzika, na hakuna mtu aliyebadilisha laini."

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo nikatae kabisa, kwa heshima yangu iliyobaki. Lakini Mama Mhoja, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya ua wa maua muda wote huo, akapiga vigelegele. Vikasikika mapokezi, na mapokezi kuna mtu alikuwa amebonyeza kitufe cha redio, na kabla sijakanyaga ngazi ya kibaraza nusu ya Karatu ilikuwa imeshanipa hongera.

Kwa hiyo ndugu zangu, mimi ndiye MC wa harusi ya mwanamke ninayempenda, na kamati imeniongezea kazi ya kugawa kadi za mchango. Naanza na ninyi mnaosoma hapa. Asiyecheka namwandikia kadi ya single, mchango wa mtu mmoja. Atakayecheka, hata kidogo tu kwa pembeni, namwandikia double, alipe ya wawili.